Polisi na Simba Wako Vitini

Busia, 3 Februari 2025

Kwa binti yangu mpendwa Amulen,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, nikitumaini kuwa wewe na wenzako ofisini hapo Tororo mko wazima. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Naomba unisamehe kwa kuchelewa kuandika. Masikio yangu yamekataa simu, na meza ya kuandikia haikufikika, kwa sababu nitakayoieleza.

Mbwa wako wawili, kila mmoja ukubwa wa ndama, wamehamia kwenye viti vya sebuleni. Polisi hulala kwenye kile kirefu. Simba huchukua vile viwili vilivyobaki, kichwa huku, miguu kule. Mimi hukaa jikoni juu ya kigoda. Jirani yako Prossy alichungulia dirishani akaniuliza, "Mzee, kumbe hapa mgeni ni wewe?"

Uliniomba niilinde nyumba yako wiki mbili, mpaka upate mpangaji. Huu ni mwezi wa tatu. Hata kanisani siendi, maana nikitoka wanararua mito ya viti. Mvua zinakaribia, na shamba la ulezi la marehemu mama yako huko Busitema halijalimwa. Tangu tumzike sijakosa kulipanda hata msimu mmoja. Nakuomba uniruhusu nirudi nyumbani.

Ni mimi baba yako,
Erisa Osinya


Tororo, 7 Februari 2025

Baba yangu,

Habari ya huko? Mgongo umepata dawa? Huku tuko sawa, ila kazi ni nyingi.

Baba, wewe ni mpole mno. Najua unavyowaambia: "Tafadhalini, mwaweza kuniazima kiti?" Hao ni mbwa, si wazee wa kanisa. Piga meza, sema "Toka" mpaka Prossy asikie.

Mpangaji amepatikana. Anaitwa Isaac, anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani. Ataingia tarehe moja Machi, na anachukua nyumba pamoja na viti na mbwa, lakini hataki kuona manyoya kitini. Ukiwazoesha kukaa chini, siku hiyo hiyo unakwenda zako nyumbani. Nimeahidi.

Mwanao,
Amulen


Busia, 26 Februari 2025

Binti yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini afya yako ni njema. Mgongo wangu unanistahi kidogo siku hizi.

Nilijaribu kusema "Toka". Katika shule ya misheni tulikatazwa kumwambia yeyote neno hilo ndani ya nyumba, na sauti ilinitoka kama kikohozi. Simba alitikisa mkia.

Basi nimefuata njia yangu. Nimetandika magunia mawili pembeni. Anayelala juu ya gunia hupata mukene mkavu mmoja, wale dagaa wa ziwani. Anayepanda kitini namshika mkanda wa shingoni, namwambia "samahani", namteremsha taratibu. Siku ya kwanza niliwateremsha mara arobaini na moja. Leo, siku ya kumi na sita, nikilisema tu neno hilo wanashuka wenyewe.

Sanduku langu nimekwisha kulifunga.

Baba yako,
Erisa Osinya


Tororo, 4 Machi 2025

Baba,

Habari za huko, na mgongo je?

Isaac amenipigia simu akicheka. Anasema aliwakuta wamelala kwenye magunia, akafurahi. Ulipokwenda chooni, wakapanda. Akasema toka, akasema shuka, akapiga makofi. Polisi akapiga miayo. Uliporudi ukamwambia Isaac samahani kwa kumkawiza, na mbwa wote wawili wakateremka kama wanafunzi waliomwona mwalimu.

Akaniambia, "Nyumba naichukua, lakini na mzee ndani yake."

Nimekubali, Baba. Ni mpaka Desemba tu. Chumba cha nyuma ni chako. Shamba nitatafuta mtu alilime. Usikasirike.

Mwanao,
Amulen


Busia, 23 Machi 2025

Kwa binti yangu mpendwa Amulen,

Nakusalimu, nikikutakia afya na amani. Niwie radhi kwa kukaa wiki tatu kasoro bila kukujibu. Nilikuwa natafuta maneno yasiyokuumiza, na sikuyapata yote.

Nimemfundisha Isaac. Ni mtu mwema, ila amezoea kusema na madereva wa malori, na "samahani" yake husikika kama amri ya kufungua turubai. "Nimesema samahani, nyie," huwafokea, nao humtazama tu. Juzi, amechoka kusimama katika nyumba anayoilipia, alichuchumaa mbele ya Polisi, akalitamka neno hilo polepole kama mtu anayeomba kweli. Polisi akashuka. Simba bado.

Kazi haijakamilika, nami sijazoea kuacha kazi nusu. Lakini jana mvua ilinyesha, harufu ya udongo ikanifikia hadi chumba cha nyuma, nikatambua kwamba nikimngoja Simba, nitaingoja Desemba. Uliniahidi, mwanangu, kisha ukamkubalia mtu mwingine kwa niaba yangu bila kuniuliza. Hilo liliniuma, na si vyema nikufiche.

Magunia nimeyafua. Mukene umo katika mkebe juu ya kabati. Isaac amenielewa, amenibebea sanduku hadi hapa barabarani, na tulipotazama nyuma, Simba alikuwa dirishani, juu ya kiti.

Ni mimi baba yako,
Erisa Osinya

Barua hii anakuletea Ikiring, dereva anayerudi Tororo na lori tupu la saruji. Usimlaumu akichelewa. Ana mzee mmoja wa kumshusha Busitema kwanza.