Chumvi ya Matete Niliyoimwaga

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Hukujifunza kusoma, nami sikuwahi kukuandikia ulipokuwa hai. Leo naandika kwa sababu nina jambo ambalo sijamwambia mtu.

Juzi darasani Sista alituuliza asili ya neno kiungo. Wenzangu wakataja bizari, karafuu na mdalasini, vitu vya duka la Mhindi. Sista akasema hivyo ni viungo kweli, lakini neno lenyewe ni letu tangu zamani: latokana na kuunga, kwa kuwa kiungo huishikanisha mboga na ugali vikawa kitu kimoja mdomoni. Akataka mfano wa nyumbani. Nikasema, "Chumvi ya majivu ya matete."

"Huyu kwao wanakula jiko!" alisema Felista, darasa zima likacheka.

Mimi akilini nilikuona wewe pale kwako Sanje, ukimimina maji juu ya majivu katika chungu kilichotobolewa, yakidondoka tone kwa tone, kisha ukiyachemsha mpaka chumvi ya kijivu igande. Ulipounga majani ya maboga kwa karanga ulinitilia kidogo kiganjani. "Onja, mke mwenzangu. Mboga isiyoungwa tuwaachie mbuzi."

Likizo ya Pasaka niliionea aibu chumvi hiyo. Nilikuja na chumvi nyeupe ya dukani, na ili nipate chombo cha kuitia, nikaimwaga yako yote nyuma ya jiko. Uliporudi shambani ulichungulia chombo, halafu ukacheka. "Umemwaga mgongo wangu wa kiangazi kizima. Haya, likizo ijayo matete utayakata wewe."

Likizo iliyofuata ilikukuta kaburini.

Unajua desturi ya nyumba yetu: wafiwa hula bila chumvi mpaka arobaini, kisha mjukuu wa kwanza wa kike huirudisha chunguni, na iwe ile aliyoiacha marehemu. Siku hiyo shangazi akaniambia, "Haya binti, lete chumvi ya bibi yako." Nikaingia jikoni, nikakaa kidogo, nikatoka mikono mitupu.

"Sijaiona," nikasema, mbele ya watu wote.

Shangazi akatia ya dukani, wengine wakala. Mama aliisogeza sahani kando. "Mama hawezi kuondoka asiache chumvi. Itaonekana tu."

Mpaka leo anaitafuta, darini na chini ya kitanda chako, na chakula chake bado hakina chumvi. Mjomba ameniandikia kwamba amekonda, nguo zinampwaya.

Jumamosi tunafunga shule. Nitapanda lori la mpunga hadi Sanje, na nitamwambia Mama ukweli kabla sijatua mzigo. Akinipiga, atakuwa na haki. Kisha nitashika panga niende kwenye matete. Nakumbuka kwamba hukaushwa mpaka yalie yakivunjwa. Sikumbuki ulichemsha maji ya kwanza kupita kwenye majivu au ya pili, maana ulipokuwa ukinionyesha nilikuwa natazama barabarani.

Labda Mama anakumbuka. Alikaa jikoni mwako kabla yangu. Chumvi ikitoka kali, nitamtilia kiganjani hivyo hivyo, akunje uso, aniambie tumekosea wapi.

Pumzika, Bibi. Matete nitayakata mimi, kama ulivyosema.

Mke mwenzako,
mjukuu wako wa kwanza