Mazishi ya Mama, Filamu Fupi

Jumatatu, 10 Juni 1996

Nimesahihisha madaftari ya darasa la sita, nimechambua mchele, nimerudi kwenye filamu ninayoiandika. Tadei, mwenye kibanda cha video pale sokoni, ameisoma akacheka mpaka nikaudhika. Anasema kwangu kila mtu anatangaza anachofanya. "Mwalimu Skola, huyu anaingia mlangoni huku anasema naingia mlangoni!" Kweli. Nimezoea kuandika michezo ya redio. Kwenye redio usiposema mvua inanyesha, hainyeshi.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda kibandani kwa Tadei. Filamu ya Kichina. Hakuna aliyejua hata neno moja. Wasukuma wawili waliotoka kuuza ng'ombe walikaa mbele yangu, na baba alipomwacha mwanawe mmoja wao akajifuta macho. Nani alimtafsiria? Nimerudi nyumbani nikachukua kalamu nyekundu, ileile ya wanafunzi. Sikujihurumia.

Alhamisi, 13 Juni

Imebaki nusu. Afadhali.

Hadithi ni ileile. Binti anamzika mama yake na hawezi kulia. Anashikwa mabega, anapewa maji, wapi. Halafu mtani anatoka ndani amevaa kanga ya marehemu, anatembea kama yeye. Ndivyo alivyofanya Bibi Kandida mwaka jana. Sisi Wapogoro, yeye Mngoni, makabila ya kutaniana, kwa hiyo msiba wetu ni kazi yake. Alitoka na kanga ya Mama, mkono kiunoni, bega la kushoto chini, anafukuza kuku wasiokuwepo na kuwaita wezi. Kisha akaketi ukingoni mwa kaburi, akagoma kuondoka mpaka kanga ile iwe yake. Nilicheka. Katikati ya kicheko ndipo kilio kikanitoka. Bila yeye ningekuwa nimekauka mpaka leo.

Kaburini nimebakiza mstari mmoja wa maneno. Binti anasema, "Mama, nenda salama." Tadei anataka niufute na huo. Siufuti. Akauze tiketi zake.

Jumamosi, 15 Juni

Bwana Salehe, mwongozaji kutoka Dar, amesoma. Atapiga filamu moja tu hapa Ifakara, na ameipenda yangu. Nilitaka kuruka. Kumbe bado ana masharti. Mtani atolewe. Binti asimame kaburini ahutubie juu ya upendo wa mama. Eti watazamaji wa mjini wataona tunamdhihaki marehemu. "Msiba ni msiba, Mwalimu." Nimpe jibu keshokutwa.

Nimekasirika mpaka mwandiko umeharibika. Watazamaji wa mjini! Kwani wao hawana watani? Au wakishapanda treni wanawaacha stesheni?

Jumapili, 16 Juni

Naitaka hiyo filamu. Niandike hivyo hapa, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Baada ya misa nimejaribu hotuba. Ukurasa mzima, maneno mazuri, yamepangika. Mama hayumo. Hotuba ile ingemfaa mama wa mtu yeyote. Nimewashia jiko.

Jioni nimekwenda kwa Bibi Kandida. Shikamoo yangu hakuipokea, aliuliza kwanza Mpogoro amekuja kuiba nini. Nikamweleza yote. Akatema ugoro. "Mwambie huyo bwana, siku akifa yeye wamsomee hotuba. Ukifa wewe, nakuja mwenyewe." Nimecheka njia nzima ya kurudi.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekataa.

Nilimkuta Bwana Salehe gesti anakunywa chai. Nilianza kwa upole. Nikamwambia mtani akitoka, mama naye anatoka, na mimi sina sababu ya kubaki. Akatabasamu kama watu wanavyotabasamu kwa watoto. Akaomba nimwachie karatasi, wenzake Dar watairekebisha na jina langu litabaki. Jina langu juu ya hotuba ile! Nimezikusanya mezani mbele ya kikombe chake, nikamwambia samahani ya adabu tu, moyoni sikuwa nayo. Atapiga ya mtu mwingine, ya mlevi anayeuza shamba.

Tadei anasema nimepoteza bahati. Huenda. Naumia, lakini sijutii. Hayo ni mambo mawili, nisiyachanganye.

Jumatano, 19 Juni

Nimepita barabarani nikawaona wanapiga picha. Mlevi anaanguka huku anasema, "Jamani naanguka." Sikusimama.

Jumapili, 23 Juni

Leo Mama ametimiza mwaka. Tumesali, tumekula wali wa mpunga mpya.

Bibi Kandida alikuja amechelewa, watu wameshanawa mikono. Amevaa kanga ileile. Hakusalimia mtu. Alivuka uwanja mara moja, taratibu, mkono kiunoni, bega la kushoto chini. Safari hii kuku walikuwepo, wakatawanyika kweli. Wajukuu walicheka, kaka yangu alicheka mpaka akaondoka kwenda nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa na ule mstari wangu mdomoni, Mama nenda salama, tayari kabisa. Sikuusema. Hakuna aliyekuwa anausubiri.

Wageni wameondoka. Nimetoa karatasi, nimetafuta kalamu nyekundu, nimeufuta. Tadei asijue upesi, atajisifu sokoni.

Nimeisoma tena tangu mwanzo. Imekamilika.