Mita Yangu Inapenda Kwaya

Shangazi Kirezi mpendwa,

Kila Ijumaa nakusoma katika gazeti linalobandikwa pale ubaoni karibu na soko, nacheka shida za wenzangu mpaka machozi, na leo kicheko kimenirudia mwenyewe, maana nimeshinda shindano ambalo sikustahili kushinda, anayeumia kwa ushindi huo ni mchumba wangu, na nisipopata mtu wa kuniambia la kufanya nitapasuka. Majina nimebadilisha yote ili nisijulikane.

Mimi ni mwanamke wa Bukavu, nilisomea mambo ya umeme, na hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, kazi yangu ni kutunza chumba cha seva katika kituo cha mafunzo, yaani kile chumba kidogo chenye mashine zinazohifadhi masomo ya wanafunzi na kuwapa intaneti. Shirika letu lina vyumba vya namna hiyo sehemu kadhaa, na kile cha ofisi ya Lilongwe, Area 49, kinatunzwa na mchumba wangu Olivier, mtu wa Fizi, mpole kiasi kwamba hata mbwa wa jirani humwomba radhi. Mwaka huu wakubwa waliamua kulinganisha vyumba vyote wajue ni kipi kinatumia umeme vizuri, wakatufungia mita mbili kila mahali, kubwa mlangoni inayohesabu umeme wote unaoingia chumbani, na ndogo inayohesabu ule unaofika kwenye mashine zenyewe, kisha unagawanya kubwa kwa ndogo, na jibu likikaribia moja maana yake karibu umeme wote umefanya kazi ya mashine, likifika mbili maana yake nusu imeishia kwenye kiyoyozi na taa. Hesabu ya shule ya msingi, Shangazi, sikuona ingeweza kunitia matatani.

Matokeo yakatoka. Dzaleka ya kwanza, moja nukta mbili. Area 49 ya mwisho, mbili nukta moja. Bwana mkubwa mwenyewe akaja na gari kutoka Lilongwe, akapiga picha na mimi mbele ya mashine, akanipa cheti chenye fremu, akauliza siri yangu ni nini, nami nikageuza macho huku na huku nikaona dirisha liko wazi, nikasema, "Tunatumia upepo wa Dowa." Alifurahi sana, akalirudia neno hilo kwa kila mtu aliyemsalimia mpaka anapanda gari.

Sasa nikueleze habari ya lile dirisha. Chumba changu kina soketi nyekundu, zile zilizounganishwa na betri za akiba, umeme ukikatika kambi nzima zenyewe hazikatiki, na zimewekwa kwa ajili ya mashine peke yake. Lakini siku moja Mama Annie, kiongozi wa kwaya yetu, alikuja na spika zake na kinanda juu ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, akashuka, akashika kiuno mlangoni.

"Dada, we uko mutu wa kwetu. Utaniacha niimbishe batu na sauti ya kukauka siku ya Mungu, na courant iko inalala tu humu ndani?"

Ungefanya nini wewe, Shangazi? Siku hizi kumnyima mtu wa kwenu umeme wa kuchaji ni sawa na kumnyima maji. Nikachukua ralonji, ule waya mrefu wenye matundu mengi, nikauchomeka kwenye soketi nyekundu na kuupitisha dirishani, na tangu siku hiyo dirisha halijafungwa, si kwa sababu ya upepo, ni kwa sababu ya nyaya. Baada ya spika zikaja simu za wanakwaya, baada ya simu za wanakwaya zikaja za waume zao, kisha cherehani za umeme za akina mama wa ushirika wa kushona, na sasa nje ya dirisha kuna benchi, na simu zimelala juu yake bega kwa bega kutwa nzima, kila moja imefungwa mpira au uzi wa rangi ya mwenyewe zisipoteane.

Kumbe mita ndogo haijui seva ni nini wala simu ni nini. Yenyewe inahesabu tu kilichopita kwenye soketi nyekundu. Niligundua hilo juma ambalo kwaya ilikwenda Dowa Boma, makao makuu ya wilaya, kwenye mkutano wa injili, wakaondoka na spika zao na simu zao, akina mama wa cherehani nao wakawafuata, benchi likabaki tupu, nami nikasema moyoni kwamba matokeo ya juma hili yatapendeza kuliko yote kwa kuwa matumizi yamepungua, nikagawanya, nikapata karibu mbili. Nikagawanya tena. Nikazipangusa mita vumbi kwa kanga yangu, eti labda sizioni vizuri. Kwaya iliporudi benchi likajaa na mimi nikawa bingwa tena, na hapo nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika, maana nilielewa kwamba kadiri ninavyougawa umeme nje ndivyo ninavyoonekana mtu wa kubana matumizi.

Siku ile ile ningesema. Sikusema. Cheti kilikuwa kimeshatundikwa ukutani, mchungaji alikuwa ameshanitaja madhabahuni, sokoni walikuwa wameshaanza kuniita Mama Upepo. Kisha Olivier akanipigia simu, bila wivu hata kidogo.

"Chérie, minafurahi sana juu yako. Lakini nifundishe, we unafanyaka je? Patron anasema mi niko nachoma courant ya bure."

Shangazi, nikamwambia lile lile la upepo. Sijui ulimi wangu ulitoka wapi na jibu hilo. Naye kwa kuwa ananiamini, amezima kiyoyozi na kufungua madirisha pale Area 49, ambako mwezi huu wa kumi hakuna upepo wowote isipokuwa vumbi na joto, mashine zinavuma kutwa, na juzi moja ilijizima yenyewe, akaiwasha, ikajizima tena. Humo ndimo yamo masomo na matokeo ya mitihani ya wanafunzi wote wa shirika, na hawa wetu wa Dzaleka pia. Bwana mkubwa amempa mpaka mwisho wa mwezi aifikie namba yangu, la sivyo ataweka mtu mwingine, na kibali cha Olivier cha kukaa mjini kinategemea kazi hiyo, na harusi yetu ni Desemba.

Nikisema ukweli nitaaibika kambi nzima na watazifunga soketi, Mama Annie hatanisamehe. Nikinyamaza, Olivier anaharibikiwa kwa upepo nilioutunga mimi. Jana alinipigia tena, sauti yake chini. "Pengine mi sijue hii kazi, chérie," akasema, na mimi nikasingizia mtandao, nikakata simu. Nampenda sana. Nifanye nini?

Mimi,
Mshindi Mwenye Aibu, Dzaleka

*

Mshindi Mwenye Aibu,

Barua yako imenifikia jana mchana, na nilitafuta namba ya simu mbele na nyuma ya karatasi ili nikupigie, hukuandika. Basi nakujibu hapa hapa, na naanza na la haraka. Umebadilisha majina, vizuri, lakini umeacha kwaya, benchi, dirisha, cherehani na Dowa Boma. Mwanangu, Dzaleka nzima itakuwa imekujua kabla haijafika nusu ya barua. Na unajua gazeti letu linavyosafiri: linabandikwa ubaoni asubuhi, na nakala za Lilongwe zinapanda minibasi ya kwanza. Olivier, au vyovyote alivyobatizwa, atalisoma leo leo. Shukuru Mungu minibasi zetu haziondoki mpaka zijae. Huo ndio muda ulio nao.

Pole, kwanza. Nakuhurumia kweli. Hukuiba kitu, uliombwa chaji na mtu wa kwenu ukatoa, na mimi nisingemkatalia Mama Annie, mwanamke yule akishika kiuno hata mvua inarudi mawinguni. Kosa lako halikuanza kwenye soketi. Lilianza ulipoulizwa siri, ukatazama dirisha.

Mimi si fundi, lakini nimesonga nsima, huu ugali wa huku, miaka mingi na mita zako nimezielewa. Kubwa ni makaa yote uliyotia jikoni, ndogo ni yale yaliyofanya kazi chini ya sufuria. Majirani wameleta sufuria zao jikoni kwako, wewe ukazihesabu zote kuwa zako, kisha ukapokea cheti cha mpishi asiyepoteza moto. Ni kweli moto haukupotea. Lakini nsima haikuwa yako, na wewe ulijua hivyo tangu juma lile la Dowa Boma.

Nilivyokuwa nasoma nilicheka, sikufichi. Nilicheka mpaka nilipofika kwenye "pengine mi sijue hii kazi." Hapo nilikasirika, tena sana. Mwanaume anayekupenda anajidharau masikioni mwako kwa sababu ya neno ulilolitunga wewe, na unachopata kumwambia ni kwamba mtandao mbaya? Halafu unachukua karatasi unamwandikia mwanamke usiyemjua? Aibu ya kambi ni ya juma moja, watu wa hapa watapata jingine la kucheka kabla ya Jumapili. Lakini mtu akishaamini kwamba hajui kazi yake, huchukua muda mrefu kumrudisha.

Kwa hiyo inuka. Mpigie, na maneno ya kwanza yawe haya: washa kiyoyozi, funga madirisha, futa vumbi. Machozi baadaye. Mashine zikishapoa, mweleze yote, kuanzia spika mpaka benchi, bila kupunguza na bila kumtaja Mama Annie kana kwamba ndiye aliyekufundisha uongo. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Usimkatize kwa "lakini."

Kisha chomoa ralonji kwenye soketi nyekundu na upime juma zima, pamoja na Jumapili, ukiwa na mashine zako peke yake. Matokeo hayo na yale ya zamani mpelekee bwana mkubwa yote mawili, umwambie lipi lilikuwa la seva na lipi lilikuwa la kwaya. Mwambie pia kwamba kuna jambo ambalo yeye mwenyewe angepaswa kuliona: huwezi kukiweka chumba cha mlimani Dowa na chumba cha Area 49 kwenye mstari mmoja mwezi wa joto, halafu ukamtishia kazi aliyebaki nyuma. Kila chumba kwanza kilinganishwe na chenyewe, mwezi huu na mwezi kama huu wa mwaka ujao, na kabla ya kutoa cheti mtu aende akaone ni nini kimechomekwa. Alikuja na gari mpaka mlangoni kwako, akapiga picha, na hakuuliza zile nyaya zinakwenda wapi. Hilo la kwake, nawe usilibebe.

Cheti kishushe wewe mwenyewe kabla hakijashushwa. Na uache kuogopa hiyo namba. Hebu igawanye tena: bila kwaya, umesema, unapata karibu mbili, na Olivier kabla hajakusikiliza alikuwa na mbili na kidogo. Mwanangu, mmelingana. Oaneni.

Benchi nalo usiliondoe, nisije nikapigwa mawe sokoni. Omba waya wa pembeni wenye mita yake, simu na cherehani zihesabiwe kwa jina lao. Ukiambiwa umeme huo hauna kazi, waambie wapenda namba wahesabu na hii: ni watu wangapi hapa wanasikia sauti za mama zao Bukavu na Uvira kwa sababu ya dirisha lako. Hiyo mita zao mbili haziioni, na hukuhitaji kusema uongo ili uipate.

Mama Annie niachie mimi, nitakwenda kwake baada ya mazoezi ya kwaya. Na ili nisiende na mikono michafu: ile simu iliyofungwa mpira mwekundu, pale mwisho wa benchi, ambayo huenda unajiuliza ni ya nani, ni yangu. Jana jioni, baada ya kusoma barua yako, nilipita kuichomoa wewe ukiwa bado unafagia ndani, ikiwa imejaa nusu tu. Nimeanza mimi kuchomoa. Sasa shika simu yako, mpigie Olivier.

Shangazi Kirezi