Fahali wa Harusi na Sinema ya Bomu

Jumatano, 31 Julai

Nimefua tena vitambaa vya meza ya Bwana vya kanisa letu. Wamechoma shamba la miwa ng'ambo ya barabara na masizi yote yamekuja kutua kwenye kamba yangu. Vitambaa vyeupe, sasa madoadoa. Nimetukana kidogo, nikatubu, nikavianika ndani.

Mchungaji Elkana amepita, ana furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu. Waumini waliovuna vizuri wamelitolea kanisa televisheni ya rangi na deki ya video. Anasema vijana wanamaliza jioni zao kwenye video pale sokoni, wanatazama uchafu. Yeye atawaonyesha kitu chenye mafundisho. Sinema ya bomu la nyuklia: magaidi wameliiba, wanataka kuangamiza mji. Siku za mwisho, anasema. Nikamwambia sawa.

Mimi akili yangu iko kwenye harusi ya mwanangu Fred, tarehe ishirini na nne. Kuni bado. Mchele bado. Fahali yupo, tena wa boma langu mwenyewe. Mzee Swaleh wa bucheri amekubali kuja kuchinja. Harusi zote na matanga yote hapa Musanda huchinja yeye, hata sherehe za kanisa. Akichinja Mwislamu tunakula wote. Akichinja mwingine, jamaa zetu Waislamu wanakaa na soda mkononi wakitutazama tukitafuna.

Na dada yangu ni mmoja wao. Alizaliwa Jenipha, akaolewa Mumias na muuza vitambaa, sasa ni Zainabu. Nilipolazwa hospitali baada ya kujifungua, yeye ndiye aliyemnyonyesha Fred pamoja na wake. Mtu huyo lazima ale kwenye harusi hii. Mengine yote yakiharibika nitavumilia.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimetoka kwenye sinema. Nimeoga na bado najisikia mchafu.

Ukumbi wa kanisa ulijaa hadi madirishani, karanga zinauzwa mlangoni. Jenereta ya kukodi inanguruma nje. Mchungaji akaomba kwanza, ombi refu.

Halafu sinema. Wanaume wenye kanzu wanaswali kwenye chumba cha giza, wanainuka, wanapakia bomu kwenye lori. Wanaswali tena. Kila mtu akiinama kuswali muziki unageuka kuwa wa kutisha, ujue kuna maiti njiani. Upande wa pili kuna shujaa. Kijana wa sura nzuri, anatafuna kitu muda wote, anapiga watu risasi na kufanya mzaha. Hakuomba hata mara moja. Jina la Mungu alilitaja alipojigonga goti.

Penye busu, Mchungaji aliruka na leso akafunika televisheni. Tukasikia midomo tu. Penye mji mdogo kulipuliwa, watu wakageuka majivu wakiwa mezani wanakula, leso alikuwa ameikalia. Hakuinuka.

Gaidi wa mwisho aliuawa akiwa na tasbihi mkononi. Ukumbi mzima makofi. Wanawake wenzangu wakapiga vigelegele, vile vile vya ubatizo. Msalaba uko ukutani, juu kabisa ya televisheni. Nimeona kinyaa. Nikatoka nikasimama kando ya jenereta nanusa petroli. Afadhali petroli.

Jumapili, 4 Agosti

Mahubiri yakawa sinema. Eti jana tumemwona adui wa Kristo kwa macho yetu. Kwa macho yetu! Tumeona waigizaji, watu wanaolipwa, wakimaliza wanaenda kunywa chai.

Kama ningepewa mimi mimbari ningeuliza habari ya wale waliokufa mezani. Hakuna aliyewalilia. Mji mzima umekwisha na sinema haikusimama hata kidogo, ikaenda moja kwa moja kwenye magari kufukuzana. Bwana wetu aliulilia mji. Sisi tumeula na karanga.

Na Mungu hakuwamo mle. Huku wanaua kwa jina lake, huku wanaua bila kumkumbuka. Ni makafiri wa pande mbili, ila upande mmoja umevalishwa kanzu ya jirani yangu. Mchungaji ameona mafundisho hapo. Mimi nimeona uongo, na uongo wenyewe umeletwa kanisani kwa sadaka.

Jumanne, 6 Agosti

Sokoni. Bucheri ya Mzee Swaleh haina watu. Nyama imening'inia, yeye anafukuza nzi.

Trela ya miwa ikapita, vijana wapakiaji wamekaa juu. Wakampigia kelele, "Mzee wa bomu! Usitulipue!" Wakacheka hadi kona. Mzee huyu hata fataki hajawahi kuwasha. Akaniuliza, "Mama Fred, kwani mimi nimefanya nini?"

Nikamweleza sinema yote. Alisikiliza na kisu mkononi. Nilipofika kwenye ule mji akaniuliza, "Na hao watu walizikwa na nani?" Nikamwambia sinema haikuonyesha. Akatikisa kichwa, akanikatia nyama, akaniongezea mfupa wa supu.

Nimerudi nyumbani na hasira isiyo na pa kwenda.

Jumamosi, 10 Agosti

Wameionyesha tena, eti watu wa Lureko waliikosa. Sikwenda. Makofi nimeyasikia nikiwa jikoni.

Jumatano, 14 Agosti

Kikao cha harusi, kwangu. Mwenyekiti ni shemeji Wechuli, mdogo wa marehemu mume wangu, mzee wa kanisa. Mambo ya hema yakaisha, ya mchele yakaisha. Akakohoa. Wechuli akikohoa hivyo najua kuna takataka inakuja.

"Mama Fred, hii fahali tusimamie sisi wenyewe. Shemasi Okumu anachinjanga vizuri tu."

Nikamuuliza Swaleh amekosa nini.

"Sisi hatuchukii mtu. Lakini hawa watu tumewaona. Anasemanga maneno yake juu ya nyama, na sisi tunakula tu?"

Nikamwambia umekula nyama ya Swaleh tangu una meno ya utotoni. Matanga ya kaka yako ulikula, ukaomba ya kubeba.

"Hiyo ilikuwa mbele ya kujua," akasema.

Mbele ya kujua! Video moja na mtu amekuwa msomi. Nikasimama. Nikasema fahali ni wangu, mtoto ni wangu, dada yangu ale, Swaleh atachinja saa tatu Ijumaa asubuhi. Wote wakatazama chini. Wechuli akafunga kikao kwa ombi. Nadhani yamekwisha.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimekwenda kwa Mchungaji ili akomeshe upuzi huu. Ameosha mikono. Yeye hakumkataza mtu, alifundisha tu tuwe macho. Nikamwambia, Mchungaji, juzi ulionekana Mumias kwenye hoteli ya Waislamu, umeinamia sahani ya biriani.

"Hiyo ni ya hotelini, Mama. Harusi ni ibada."

Nikatazama ule mdomo unaosema hivyo. Ndio unaonibariki kila Jumapili. Nikaaga bila kunywa chai yake.

Jumapili, 18 Agosti

Baada ya ibada nilifika Mumias kwa Zainabu. Ameshona sare, nyumba yake nzima, kijani. Mitandio ya watoto ameitia shanga kwa mkono. Mumewe ametoa kitambaa dukani, hataki kusikia habari ya kulipwa.

Tulipokuwa peke yetu jikoni akaniuliza taratibu, "Dada, Mzee Swaleh ndiye atachinja, ama?"

Nikamwambia ni yeye. Akasema amesikia maneno maneno. Nikamwambia asijali, mimi nipo. Nilisema hivyo kwa kifua mbele kabisa.

Ijumaa, 23 Agosti

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi nilitoka na wanawake kuchukua sufuria kubwa kanisani. Fred yuko Kakamega, amefuata suti. Tumerudi na sufuria vichwani, tunaimba. Fahali ameshaning'inizwa. Ngozi iko chini kwenye majani ya ndizi. Shemasi Okumu damu hadi kwenye viwiko, ananichekea. Wechuli anageukia upande wa choo.

Wimbo ukakatika.

Saa tatu, kama nilivyomwambia, Mzee Swaleh akaingia na baiskeli. Kanzu safi. Kisu amekizungushia gazeti, amekifunga nyuma kwenye keria. Akasema, "Asalaam aleikum." Watu wote wale uani, hakuna aliyejibu. Nikajibu mimi. Akaona ngozi. Akasimama hapo akiwa ameshika baiskeli yake.

"Hongera, Mama Fred. Fahali alikuwa mzuri."

Nikamwambia aingie anywe chai. Nilikuwa namsihi kabisa. Akasema, "Siku nyingine, Mama. Leo una kazi mingi." Akakaza ile kamba ya keria upya ijapokuwa haikuwa imelegea, akageuza baiskeli, akaisukuma hadi barabarani. Hakuipanda.

Niliyomwambia Wechuli siyaandiki. Vitambaa vya meza ya Bwana viko chumba hiki hiki.

Nikafikiria kuku, angalau sahani ya Zainabu, Swaleh achinje. Lakini leo nimwendee na uso gani? Fred aliporudi alitazama nyama, akatazama watu. Akauliza swali moja tu, "Na mama mdogo atakula nini?" Wakajifanya wanapuliza moto. Akaitupa suti kitandani kwangu, akapanda baiskeli kwenda Mumias kumwambia mwenyewe. Amerudi giza limeingia. Zainabu amesema tusijisumbue, watakuja.

Ua wote unanuka nyama.

Jumamosi, 24 Agosti

Wamekuja. Wote, kijani kitupu. Wameimba kuliko sisi. Wametunza, wamecheza, mume wa Zainabu amemfunika bibi harusi khanga mpya.

Wakati wa chakula walikwenda mwisho wa hema. Zainabu akafungua kikapu. Hotpoti ya maua mekundu, ndani pilau. Wakajipakulia wenyewe, bila kumlaumu mtu. Walipika alfajiri nyumbani kwao ili waje kula chakula chao kwenye harusi ya mtoto wao.

Fred akaondoka meza ya maharusi. Akamshika mkewe mkono, wakapita mbele ya Mchungaji na mnofu wake, wakakaa mkekani. Zainabu akamsogezea sahani yake. Akala na suti yake, kwa mkono.

Mimi nimepika fahali mzima na sikuonja.

Jumapili, 25 Agosti

Sikwenda kanisani. Wechuli amepita kuulizia nyama iliyobaki. Nimempa yote. Abebe.

Kwenye vyombo nimekuta hotpoti ya Zainabu, imesahaulika. Nimeiosha. Mama yetu alitufundisha sote wawili kwamba chombo cha mtu unakirudisha na kitu ndani. Nimezunguka jikoni nikitafuta cha kutia. Unga anao. Sukari anayo. Nataka kutia kile alichonyimwa.

Jumanne, 27 Agosti

Nimemshika jogoo mwekundu, nikamtia kwapani, hotpoti kwenye kikapu. Nikaenda sokoni, mchana, watu wamejaa. Wechuli alikuwa kibandani ng'ambo anakunywa chai. Vizuri.

Nilimsalimu Mzee Swaleh. Nikamwambia sina maneno, naomba anichinjie. Akanawa, akamlaza jogoo kuelekea kibla, akasema maneno yake. Niliinamisha kichwa hadi akamaliza. Nilimwomba msamaha wa ile Ijumaa. Akasema jogoo ana mafuta, nisimtie mengi mengine.

Nimempika jogoo kwa Zainabu Mumias, kwenye jiko lake. Akasonga obusuma, ule ugali wetu, mimi nikakoroga mchuzi. Mume na watoto wakapakuliwa, wakaenda zao sebuleni. Tukabaki sisi wawili na sufuria katikati. Firigisi, fungu la baba, akaikata vipande viwili, nusu yake, nusu yangu, kama mama alivyokuwa akitugawia baba akiwa safarini.

Nimerudi Musanda na jua la jioni. Masizi ya miwa yanaanguka polepole, kamba yangu haina kitu. Hotpoti ile ile iko hapa mezani. Zainabu alikataa niiache, akaijaza pilau, akanifungia kwa leso.

Itabidi niirudishe.