Tuliokaa Mlangoni kwa Mzee Haji

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, shikamoo yako imenifika. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama yako kapata kazi ya hoteli Kendwa, na Ijumaa huja kunipikia.

Umeniambia huko Uingereza, mlipokwenda kutembea shamba, mmeonyeshwa jumba walimowekwa maskini zamani, mume mbali na mke mbali, ukauliza kama kwetu lilikuwepo. Lilikuwepo, nje ya mji.

Nilikuwa mgeni wa ndoa hapa mtaani Ng'ambo afisa wa ustawi wa jamii alipokuja na gari kuwapeleka huko jirani zetu, Mzee Haji na mkewe Bi Mize, asiyeona. Hawakuwa na mtoto wa kuwatunza.

Bi Mize akauliza, "Tutalala pamoja?"

"Wanaume wana bweni lao," afisa akajibu.

Nikatoka nikakaa kizingitini kwao. Mume wangu akaniita, sikwenda.

"Ondoka, binti," afisa akasema. "Nani atawalisha?"

"Sisi."

"Mtachoka."

"Tukichoka, hatutakuita wewe."

Wanawake wa mtaa wakaja mmoja mmoja, wakakaa nami mpaka mlango ukazibika. Gari likaondoka tupu.

Tulichoka, sikufichi. Kuna siku niliwapelekea muhogo mkavu na uso nimeukunja. Lakini Mzee Haji alifia kitandani kwake, mkewe amemshika mkono. Afisa yule alikuja mazikoni. Nilimpelekea kahawa barazani.

Wakikwambia huko kuwa maskini hawakuwa na pengine pa kwenda, waulize majirani walikuwa wapi.

Nakuombea kheri,
Bibi yako Zuhura