Roho inayopiga mateke

Kambi ya wakimbizi ya Kashuga, Jumapili

Na tena roho yangu inaniambia Bahati amekufa. Tangu huyo mutoto wangu apande na ng'ombe kule juu ya Ngungu, simu yake haipatikani, na hiyo roho haichoki kusema. Mimi njo nimechoka.

Leo pasteri amesema mufalme wa Zaburi, akihuzunika, alikuwa anaigombeza roho yake mwenyewe. Nikajaribu, nyuma ya nyumba. Lakini mimi nimezoea kusemesha ng'ombe tu. Nikapiga mluzi, nikaiambia: "Tulia, mama. Simama vizuri."

Bibi yangu, mama Bahati, akatokea. "Papa Bahati, ng'ombe gani iko hapa kambini?"

"Si ng'ombe. Ni roho yangu."

"Basi imetoa maziwa?"

"Inapiga mateke."

Akacheka. Siku nyingi hajacheka.

Ng'ombe akifiwa na ndama, tunamuwekea ile ngozi ya ndama puani. Anairamba, anaachilia maziwa. Nazani anajua kabisa, anakubali tu kwa kuchoka. Na mimi Zaburi naisoma hivyo, Mungu anisamehe: nairamba, moyo unalegea kidogo.

Lakini ngozi ni ya ndama aliyekufa. Wangu hajafa.

Tulia, mama. Simama vizuri.