Mama Mkwe na Jeni Isiyotulia

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, nakuandikia nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa kumenishinda. Mimi ni mtafiti wa bakteria na mkuu wa maabara yetu ni mama mkwe wangu, yaani ninayemwamkia shikamoo nyumbani ndiye anayesahihisha kazi yangu. Tunapima kama bakteria wakipewa dawa fulani huamsha jeni ya kuitema nje isiwaue, na ili tujue kazi yake imepanda kiasi gani tunailinganisha na jeni nyingine inayotakiwa itulie tu, dawa iwepo isiwepo, sasa hiyo ya kulinganishia mama aliichagua tangu enzi zake za uanafunzi na hakuna aliyewahi kuihoji, mpaka juzi nilipoipima yenyewe nikakuta dawa ikiingia nayo inashuka, maana yake huenda ile nyingine haipandi kabisa, ni hii inayozama! Nikamkimbilia mama koridoni akitafuta funguo za gari, nikamweleza, akanitazama juu mpaka chini, "Mwanangu, jeni hiyo naijua tangu hujui kuandika jina lako," akaondoka. Mume wangu naye nikianza tu, "Mambo ya maabara yaache maabara, huyo ni mama yangu." Wiki ijayo mama anawahutubia madaktari wanaosubiri neno lake ili waiache hiyo dawa, na jina langu limo kwenye ripoti, nami kutwa naosha vyombo vilivyo safi, nikisikia viatu vyake nafungua bomba tena. Nikinyamaza wagonjwa watanyimwa dawa inayofaa, nikisema ndoa itaingia doa. Nifanyeje?

Mkwe Asiyelala

Pole, dada. Kwanza acha kuosha vilivyo safi. Mama mkwe wako ana kiburi, sawa, lakini na wewe! Jambo zito hivyo unamrushia mtu anayetafuta funguo? Na ulipima mara ngapi? Barua yako inanukia kipimo cha mara moja tu. Kwa mara moja hata mimi ningekutazama juu mpaka chini.

Nimemuuliza mtu wa fani yenu. Anasema hakuna jeni inayotulia katika kila hali. Iliyotulia kwenye utafiti wa mama wa zamani inaweza kuyumba kwa dawa hii, na hiyo si aibu ya mtu. Kesho chukua jeni tano sita zenye kazi tofauti, zipime kwa bakteria waliopewa dawa na wasiopewa, rudia, kisha zilizotulia kuliko zote, mbili au tatu, zitumie kwa pamoja kulinganishia. Ya mama iweke humo humo, ijitetee.

Halafu omba miadi ofisini. Mwite Profesa, usimwite mama. Weka michoro mezani, unyamaze asome. Akikataa, mwambie kwa adabu jina lako litoke kwenye ripoti, na madaktari wakiuliza sababu utawajibu.

Mume usimtume kwa mama yake. Mwambie tu unachokwenda kufanya, asije akakisikia kwa wengine.

Wiki ijayo ukumbini kuna daktari atakayeuliza jeni hiyo ilipimwa lini. Unampenda mama mkwe wako? Basi mfikie kabla ya huyo daktari.